Pigo la Tatu la Kihwele

Msumeno wa Mbano ulikuwa ndiyo kwanza umeuma gamba la mti wa kwanza pale msitu ulipotugongea tusimame.

Ko. Ko. Kisha kimya kifupi, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, ndipo likaja la tatu. Ko.

"Zima!" nilipiga kelele.

Koplo Mbano hakuzima. Alinigeukia akitabasamu, vumbi la mbao limemjaa kwenye ndevu. "Sajini Gama, hiyo ndiyo salamu yake. Wewe ulikuwa umelazwa na malaria yako ya kifahari, hujui. Kila tukiwasha, msitu unagonga. Tumezoea. Mimi sasa nikilala bila kuisikia naota vibaya."

"Zima, Mbano, kabla sijakuzima wewe."

Akazima.

Mapigo matatu kwenye shina, kwa kisogo cha shoka, maana yake mtu yuko chini. Yuko mahali mti utakapoangukia. Ukiyasikia unazima mashine, hata kama mti umebakiza unene wa kidole, hata kama mkeo anajifungua pembeni. Kisha anayetaka mti uanguke anaingia mwenyewe kutembea njia nzima ya kuangukia, mpaka ahakikishe hakuna mtu. Sheria hii haikutoka jeshini. Tulikuja nayo kutoka mashamba ya misonobari, sisi na baba zetu. Baba yangu aliifuata maisha yake yote, akafa kwa uzee, jambo ambalo si la kawaida katika kazi yetu.

Sisi ni Kombania ya Misitu. Vikosi vingine vina nyimbo za ushindi, sisi tuna makovu ya misumeno. Wenzetu wanapigana, sisi tunawakatia nguzo za mahandaki, mataruma ya reli, magogo ya madaraja, na mbao za majeneza. Kwa kuwa vita ilikuwa ndefu, hiyo ya mwisho ndiyo kazi iliyokuwa haina likizo.

Siku ile kazi ilikuwa daraja. Nyuma yetu, chini ya mteremko, mto Luvili ulikuwa umefura kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Ukingoni mwake, upande huu, chini ya maturubai, majeruhi wetu walikuwa wamelala kwenye machela wakisubiri kuvuka. Daraja la chuma lilikuwa limelipuliwa. Mizinga ya adui ilisikika nyuma ya vilima, na kila ikilia ilikuwa imesogea kidogo. Mti pekee ambao ungefika kutoka ukingo hadi ukingo ulikuwa msikizi, na misikizi ndiyo hii iliyokuwa inatugongea.

"Kuna nini tena?" Kapteni Hasnuu alikuja akiruka matope kwa uangalifu. Yeye ni mtu wa Pemba, msafi, mpole wa maneno hata anapokuamuru ufe. "Sajini, mbona mashine imenyamaza?"

"Mapigo matatu, Afande."

"Hayo nayajua. Mti umejifunza, Sajini. Umeona ukigonga mara tatu watu wanaacha kuukata. Na wewe ungekuwa mti ungegonga."

"Mimi ningekuwa mti, Afande, ningekimbia."

Askari wakacheka. Kapteni hakucheka, ila jicho lake moja lilikaribia kucheka.

Msitu ukagonga tena. Ko. Ko. Na lile la tatu, lililochelewa.

Safari hii sikucheka hata mimi. Mkono ule niliujua.

*

Niwaambie misikizi ni nini, maana mtu asiyeijua hudhani nilikuwa bado na homa.

Kila mti una nyuzi za maji zinazopanda kutoka mizizini hadi majani. Kiu ikizidi, uzi hukatika, na ukikatika hulia. Mlio wake ni mdogo mno, sikio la mtu haliupati. Wataalamu wa jeshi waliuchukua mlio huo wakaunenepesha. Wakatengeneza mti wenye nyuzi nene kama mirija ya soda, unaokua kwa msimu mmoja kimo ambacho mvule hukitafuta miaka. Mti huu unaukata uzi wake wenyewe unapotaka. Ukiukata, shina zima linalia ko, kama mlango uliogongwa kutoka ndani. Chini ya ardhi wakaunganisha mizizi kwa kuvu, mti kwa mti. Pigo likigongwa huku linasikika kule, bila redio, bila waya, na adui hana cha kunasa. Ujumbe unaenda penye watu tu, pale mizizi inapohisi nyayo au msumeno, na hauachi kurudiwa mpaka mtu aujibu kwa pigo moja zito, yaani nimepokea.

Nani aliufundisha msitu lugha? Sisi. Tuliopanda ndio tuliogonga. Tungeweza kuufundisha alama za kijeshi, zilikuwepo, zimechapishwa vizuri. Lakini mkata miti mpe shoka na shina, atagonga anachokijua. Tukaufundisha mapigo yetu ya kazini, pamoja na yale matatu ambayo hakuna mmoja wetu anayeweza kuyasikia akaendelea kukata. Ukitaka kujua upumbavu unaotoka kwenye mazoea mema, ndio huo.

Aliyegonga kuliko wote alikuwa Koplo Kihwele.

Kihwele na mimi tulishika msumeno mmoja wa mikono miwili tangu kabla ya vita, yeye upande huu, mimi upande ule. Yeye Mhehe, mimi binti wa Kingoni. Babu zetu waliuana, wajukuu tukarithi kutukanana. Aliniambia Wangoni tulitembea kutoka kusini mpaka viatu vikaisha, ndipo tukasema hapa ndipo kwetu. Nilimwambia wao walikuwa wamejificha ngomeni wakiomba tuishiwe viatu upesi. Tukiwa mbali tulitukanana kwa shoka. Mimi nagonga mawili ya haraka na moja: shoka lako butu! Yeye anarudisha manne: la bibi yako zaidi! Msimu wote wa kupanda msitu ulilelewa na matusi yetu, kama mtoto wa nyumba ya ugomvi.

Mkono wake wa kushoto ulivunjika zamani, ukaungwa vibaya. Kila alipogonga, pigo la mwisho lilichelewa.

Mvua zilipoanza, kombora liliangukia msituni akiwa ndani. Tulimtafuta siku nzima bila kusikia pigo hata moja. Kisha mimi nikalazwa, Mbano akaletwa kushika nafasi yake, na Mbano hakuwahi kumsikia Kihwele akigonga.

"Afande," nilisema, "huyo ni Kihwele."

Kapteni aliniangalia kama unavyomwangalia mgonjwa aliyekataa dawa. "Kihwele amepotea tangu mvua za kwanza."

"Mkono ni wake."

"Mkono umeigwa, Sajini. Kasuku wa jirani yetu alikuwa akiita kwa sauti ya marehemu mke wake. Alimwaminisha jirani, jirani akaandaa chai." Akashusha sauti. "Pale mtoni kuna watu wanaovuja damu. Unataka niwaambie tunamsubiri kasuku?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, na sitaufanya mwepesi. Alikuwa na haki. Waliokuwa pale mtoni walikuwa na majina, vifua vyao vilikuwa vinapanda na kushuka. Niliyekuwa nao mimi ni pigo lililochelewa.

"Njia ya kuangukia haijatembewa," nilisema. "Anayetaka mti uanguke aingie mwenyewe. Afande ndiye anayeutaka."

Wakata miti wote walitazama viatu vyao. Kapteni alijua maana ya viatu vile.

"Nina daraja la kupanga," alisema. "Wewe ingia badala yangu. Ukikuta ni peupe, gonga mawili. Jua likifika juu ya kile kilima nawasha, Sajini, mapigo au bila mapigo."

"Na nikiwa bado ndani?"

"Usiwe."

*

Msitu wa misikizi hauna ndege. Hawaupendi. Nadhani ni kwa sababu ukitua tawini unatangazwa.

Na mimi nilitangazwa. Kila hatua niliyokanyaga, shina lililokuwa mbele yangu lilitoa kipigo kidogo, tk, kana kwamba mti unamnong'oneza jirani yake: anakuja, anakuja. Mchana ulikuwa mweupe kule nje, humu ulikuwa kijani kibichi, wa chini ya kidimbwi. Nilitembea nikifuata njia ambayo miti ile mirefu ingeangukia, nikihesabu visiki vya mwaka jana ili nisipotee.

Nilisimama kufunga kamba ya kiatu. Vipigo vikasimama.

Kisha kikaja kimoja zaidi. Tk.

Nilibaki nimeinama, kamba mkononi. Mimi nilikuwa nimetulia, ila msitu ulikuwa umehesabu hatua.

"Kihwele," nilisema kwa sauti, "kama ni wewe, huna adabu."

Ko. Ko... Ko. Mbele, upande wa kushoto, karibu sana.

Nilimkuta amekaa, mgongo kwenye msikizi mkubwa kuliko yote, shoka mapajani. Mizizi ilikuwa imempita kiunoni kama mkanda wa kiti. Mvua na wadudu walikuwa wamemaliza kazi yao zamani. Sare na buti ndivyo vilivyokuwa vinamshikilia aonekane mtu. Kwenye nyonga suruali ilikuwa imechanwa na kipande cha kombora. Nyuma ya bega lake, kwenye gamba la mti, palikuwa na kovu la kugongwa, kugongwa na kugongwa, mpaka mti ukatoa utomvu, utomvu ukakauka, mti ukafunga kidonda.

Na shina likagonga, hapohapo, juu ya kichwa chake. Ko. Ko. Nikasubiri. Ko.

Ndipo nikaelewa, nikakaa chini mbele yake kama mgeni aliyekaribishwa. Msitu haukuwa umejifunza kudanganya. Ulikuwa umepewa ujumbe. Uliupeleka penye watu, penye misumeno, kama ulivyofundishwa, na hakuna aliyejibu nimepokea. Basi ukarudia. Kihwele alizinduka baada ya sisi kuacha kumtafuta, akaita akiwa hai, na wenzetu wakasema mti una ujanja. Akafa, na mti ukaendelea kumwitia.

Nilichomoa shoka langu, nikageuza kisogo, nikagonga pigo moja zito.

Nimepokea.

Kimya kilianzia pale, kikatambaa mti kwa mti kwenda mbali, kama watu wanaopitishiana habari ya msiba. Hata vile vipigo vidogo vya nyayo vilikoma. Nilisikia mto. Nilisikia tumbo langu.

Kisha msitu, uliokuwa umesubiri zamu ya ujumbe wa pili, ukaanza. Mapigo matatu. Ya haraka, dhaifu, yasiyo na mshindo wa shoka. Mkono mwingine.

Hatua chache mbele, katikati kabisa ya njia ya kuangukia, tawi nene kama pipa lilikuwa limelala juu ya miguu ya mtu. Alikuwa na mvi, kisu mkononi, na alikuwa anagonga mzizi kwa mpini. Sare yake ilikuwa ya upande wa pili. Begani alikuwa na alama ya shoka na jani. Kombania ya Misitu ya kwao.

Tulitazamana. Alikificha kisu chini ya paja, kwa aibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Dada," alisema, Kiswahili chake kizuri tu, "kama umekuja kuniua, nianzie kichwani, miguu siisikii."

"Unaitwa nani?"

"Zebedayo."

"Umekuja kufanya nini kwetu, Zebedayo?"

"Kukata mti. Na sisi tunahitaji daraja." Akajaribu kutabasamu. "Mizinga yetu wenyewe jana imenishushia tawi. Watu wetu hawalengi."

"Wenzako wako wapi?"

"Walinisikia nikigonga. Najua walinisikia, walikuwa karibu." Alilamba midomo iliyopasuka. "Lakini humu kulikuwa na mwenzenu aliyekuwa anagonga tangu mvua za kwanza. Sisi pia tulimsikia kila tulipowasha misumeno. Sajini wetu alisema mti umejifunza kulia. Basi jana nilipogonga mimi..." Akachuna gamba la mzizi kwa ukucha. "Nilikuwa wa kwanza kucheka, dada. Yule alipokuwa anagonga."

Nilitazama juu. Kati ya majani, jua lilikuwa limekaribia kilima.

Nilijaribu lile tawi. Halikutikisika hata kwa heshima. Shoka langu lingelikata, ila kwa muda wa kupika maharage mabichi. Ningeweza kurudi mbio, nikagonga mawili nikiwa njiani, njia nyeupe, na daraja lingewahi. Yeye alikuwa adui. Kule mtoni walikuwa wetu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeipata, na ningepigiwa makofi.

Lakini angalia walioipiga hesabu hiyo kabla yangu. Kwetu waliipiga, Kihwele akakaa chini ya mti mpaka mizizi ikamfunga mkanda. Kwao waliipiga, huyu mzee akalala hapa anagonga kwa mpini wa kisu. Mapigo hayasemi mtu wetu yuko chini. Yanasema mtu.

Nikagonga matatu.

Msitu ukayachukua. Niliyasikia yakienda, shina kwa shina, mkono wangu ukikimbia bila mimi. Kule ukingoni yalifika, na kule ukingoni msumeno wa Mbano ukanguruma. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

"Wanasema mti unalia," Zebedayo alisema taratibu.

"Nyamaza."

Nikagonga tena matatu. Misumeno haikunyamaza. Ningekuwa mimi kule, na homa yangu imepona, na majeruhi wananitazama kutoka kwenye machela, ningesema nini? Ningesema tumezoea.

Mti mmoja wa mbali ulitoa ule mlio wa kwanza wa kuchanika, ambao mkata miti huusikia kwenye meno kabla ya masikio.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda mtu anayetishika hurudia la nyumbani. Niliinua shoka nikagonga, kwa nguvu zangu zote, mawili ya haraka na moja. Shoka lako butu!

Nyuma yangu, kutoka kwenye shina lililomwegemeza Kihwele, yakaja manne. La bibi yako zaidi. Na lile la mwisho lilichelewa.

Zebedayo alijivuta kwa viwiko mpaka tawi likamzuia. "Kuna nani pale?"

"Mtani wangu," nilisema, nikainua shoka.

Nikamtukana tena. Akajibu. Nikamtukana upesi zaidi, nikambana, nikamrukia kabla hajamaliza. Naye akanirukia, kama zamani, tukigombana kwa shoka msitu mzima. Mimi nilikuwa nalia machozi na kamasi, yeye alikuwa mifupa kwenye sare.

Msumeno mmoja ukazima. Kisha wa pili. Wa Mbano ulizima wa mwisho, maana hata kwa kuzima ni mvivu.

*

Aliyeingia kwanza alikuwa Kapteni Hasnuu, akiitembea njia yote ya kuangukia kwa miguu yake mwenyewe, matope hadi magotini. Nyuma yake Mbano alikuwa amebeba msumeno mdogo.

"Mti unaweza kuiga mtu mmoja," Kapteni alisema, akihema. "Nilipowasikia wawili mnakatizana..." Hapo alimwona Kihwele. Alivua kofia. Kisha akamwona Zebedayo, na alama ile begani. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kumsamehe, na mfupi kuliko nilivyoogopa.

"Mbano," alisema, "kata tawi. Taratibu. Huyo ni mtu."

Daraja lilichelewa. Tulimfungua Kihwele mkanda wake tukamzika, tukaangusha misikizi mitatu badala ya mitano, na tukaifunga kwa kamba huku maji yakitufika kifuani. Majeruhi walivuka mmoja mmoja. Zamu ya machela mbili za mwisho ilipofika, waliokuwa juu yake hawakuwa na haja tena ya kuvuka. Nilimuuliza daktari kama wangepona lau tungewahi. Alisema hajui. Nikamuuliza tena, akaniambia, Sajini, sijui, na usiniulize mara ya tatu.

Kapteni alisimama karibu yangu, tukizitazama. "Hao wawili ni wangu na wako," alisema. "Tutawabeba nusu kwa nusu."

"Afande atabeba miguu," nilisema. "Nyinyi watu wa Pemba ni wepesi."

Akakaribia kucheka. Hatukuweza, lakini alikaribia.

Zebedayo alivuka baadaye akirudishwa nyuma pamoja na majeruhi wetu, miguu yake imefungwa kwa mbao tulizompasulia. Alipofika katikati ya daraja aliwaomba waliombeba wasimame. Akainama kutoka kwenye machela, akagonga gogo kwa kifundo cha kidole pigo moja zito.

Gogo la katikati lilikuwa lile la Kihwele. Mti wake niliukata mimi mwenyewe, sikumwachia Mbano, na lilikuwa bado limejaa maji.

Nilikuwa wa mwisho kupita. Kwa kila hatua lilitoa kipigo kidogo, tk, likinitangaza kwa mto. Nilipokaribia ukingo nilisimama, nikatazama nyuma ili nihakikishe hakuna mtu. Hakukuwa na mtu.

Tk, likasema, hatua moja zaidi.

Sikugeuka tena. Nilishusha kisogo cha shoka na kumgongea mawili ya haraka na moja, kisha nikakaa pale ukingoni, mvua ikianza upya, nikisubiri anitukane.